Jazi si pambo la okestra
Ndugu mwandishi, umesema jazi ikiingia kwenye okestra hubaki pambo tu. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Sikiliza konseto ya fidla, yaani utungo wa fidla moja ikisindikizwa na okestra, ambayo Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka New Orleans, Marekani, alimtungia Nicola Benedetti, mpiga fidla Mskoti, ikapigwa mara ya kwanza London mwaka 2015. Sehemu ya tatu ni bluzi tupu, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, fidla inalia kama mwimbaji wa kanisani. Ya mwisho, Hootenanny, ni ngoma ya kijijini kabisa, wapigaji wanapiga makofi na kukanyaga sakafu! Tena kuna undugu wa kweli humo: wahamiaji wa Uskoti ndio miongoni mwa waliopeleka fidla milima ya Appalachia huko Marekani. Rekodi ya konseto hiyo, Benedetti akipiga na okestra ya Philadelphia, ilipata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2020.