"Take off" na samaki wa uani

Jumapili jioni mpwa wangu, mwanafunzi wa gredi ya saba hapa Lamu, alinijia na daftari la Kiingereza lenye sentensi moja iliyokatwa kwa wino mwekundu: "The pilot took off the plane." Pembeni mwalimu alikuwa ameandika "Kariri tena", na cha kukariri kilikuwa orodha ya maana sita za "take off": kuvua, kupaa, kuiga mtu, kupunguza bei, kuchukua likizo, na biashara kushika kasi. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka.

Mtoto hakukosea maana, kwa kuwa ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Manda huziona ng'ambo ya maji tangu utotoni. Asichoelezwa ni kwamba "take off" ya ndege haichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ilhali ya viatu huihitaji, na yambwa hiyo ikiwa kiwakilishi sharti ikae katikati, "take them off", wala haiwezi kuja mwishoni.

Dada yangu alikuwa uani akipaa changu, magamba yakimrukia hadi kwenye leso.

"Mama anafanya nini?"

"Anapaa samaki, mjomba."

"Na ndege ya Manda?"

"Inapaa."

Alinyamaza, akamtazama mamake, kisha uso ukamkunjuka. Penye samaki pana kitu kinachotendwa. Penye ndege hapana. Wenye kamusi watasema hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu, nami sibishani nao, lakini mtoto alikuwa ameshika kanuni ambayo orodha haikumpa, tena kwa lugha ambayo haruhusiwi kuitamka katika somo la Kiingereza. Mtoto huyu hupiga pasi, hupiga simu na hupiga makasia, na hakuna aliyewahi kumkaririsha maana za "piga", kwa sababu kila moja aliipata ikiwa na mwenziwe. Kwa nini basi "take off" apewe ikiwa peke yake, imetengwa na viatu, na ndege, na bei?

Orodha humfaa mtu usiku wa kuamkia mtihani. Hilo nalikubali, shingo upande.

Kabla ya isha alikuwa ameandika upya: "The plane took off." Chini yake akaongeza sentensi ya magamba, ambayo hakuna aliyemtaka aiandike: "My mother took them off." Neno "them" alilipigia mstari mara mbili.