Missoula na Moshi: Sehemu ya Mkazi katika Mto na Pori

Watanzania wengi tunaohamia Marekani huanzia katika miji mikubwa, kama vile Houston, Dallas, Minneapolis au Columbus, kwa sababu huko ndiko waliko ndugu waliotutangulia, na huko mgeni hupata kazi ya kuanzia bila kusubiri sana. Mimi nilianzia Houston. Baadaye nilihamia Missoula, mji wa watu wapatao 75,000 magharibi mwa jimbo la Montana, na tangu hapo jamaa zangu wa Moshi hawaachi kuniuliza nilifuata nini kwenye baridi kali namna hiyo, mbali na Waswahili wenzangu. Nilifuata mto na pori. Naandika kwa sababu naamini kwamba jambo nililolikuta hapa, yaani mtu wa mshahara wa kawaida kuwa na sehemu yake halali katika samaki na wanyama wanaouzunguka mji wake, ndilo tunalolikosa Moshi na Arusha, ingawa kwa mali ya asili miji yetu haina sababu ya kuionea wivu Missoula.

Mto Clark Fork unapita katikati ya mji wenyewe. Juu kidogo, upande wa mashariki, unapokea maji ya mto Blackfoot, na chini kidogo, upande wa magharibi, unapokea Bitterroot. Katika mito hii yote mitatu wamo trauti, samaki wa maji baridi, na ni jambo la kawaida kabisa kumwona mwalimu, fundi bomba au muuguzi aliyetoka zamu akiwa amesimama majini na mshipi wake mita chache kutoka barabara kuu. Kinachomwezesha kusimama pale ni sheria. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Montana iliamua kwamba maji ya mito ni ya umma, na mwaka 1985 bunge la jimbo likapitisha sheria inayosema kwamba mtu akishaingia mtoni kwa njia halali, kwa mfano penye daraja la barabara ya umma, anaruhusiwa kutembea na kuvua ndani ya mto hadi kwenye alama ya kawaida ya kujaa kwa maji, hata kama mashamba ya kandokando ni ya tajiri asiyependa kuona watu. Matajiri kadhaa wamejaribu kuipinga sheria hiyo mahakamani, na wakazi wameitetea kwa nguvu zote.

Uwindaji nao una utaratibu wake. Mnyama anayetafutwa zaidi ni elki, wa jamii ya kulungu, ambaye dume lake hufikia kilo 300. Msimu mkuu wa bunduki huanza mwishoni mwa Oktoba na kudumu takriban wiki tano. Yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima kwanza ahitimu mafunzo ya uwindaji, na kila anayewinda kwa bunduki lazima avae nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa ili mwenzake asimdhanie kuwa mnyama. Kuiacha nyama inayofaa kuliwa ioze porini ni kosa la jinai, na kuiuza pia ni marufuku. Nyama ni ya kula, ya kugawia jirani, na ya kujaza friza kwa majira ya baridi. Barabarani, kwa mfano pale Bonner kwenye bonde la Blackfoot, kuna vituo vya ukaguzi ambapo maofisa wa wanyamapori humpima mnyama, humkadiria umri na huchukua sampuli za kuchunguza ugonjwa. Nimepika mtori kwa nyama ya elki na ndizi mbichi za dukani, na ingawa ndizi zile haziifikii mshare ya nyumbani, nyama yenyewe haina mafuta mengi na inaukubali mtori vizuri sana.

Jambo lililonigusa zaidi kuliko yote ni bei. Mkazi wa Montana hulipa dola 20 hivi kwa leseni ya elki, pamoja na ada ndogondogo za msingi. Anayetoka nje ya jimbo, hata awe Mmarekani wa ukoo gani, hulipa zaidi ya dola 1,000, na mara nyingi hulazimika kuingia kwenye bahati nasibu kwanza. Ukazi wenyewe hupatikana kwa kuishi jimboni siku 180 mfululizo na kutimiza wajibu wa mkazi, na hakuna anayedai uwe umezaliwa hapa. Tangu mwaka 2016 Missoula imepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili, na baba wa familia kama hizo, iliyokaa kambini miaka mingi, akishatimiza siku zake, hulipia leseni ya kuvua bei ileile anayolipa mjukuu wa wafugaji wa kale wa bonde hili, huku milionea wa New York akilipa bei ya mgeni. Sijui namna bora zaidi ya kumwambia mhamiaji kwamba mahali hapa ni pake.

Fedha hizo zina kazi. Leseni huiendesha idara ya samaki, wanyamapori na mbuga ya jimbo, na juu yake kuna kodi ya taifa zima inayotozwa kwenye bunduki, risasi na vifaa vya uvuvi, ambayo kwa sheria za mwaka 1937 na 1950 hurudishwa majimboni kwa ajili ya uhifadhi. Wamarekani walifika hapo baada ya uharibifu mkubwa: katika karne ya 19 waliwaua nyati wao wa nyikani, bisoni, kutoka makumi ya mamilioni hadi wakabaki mamia tu, kwa ajili ya ngozi na biashara. Marufuku ya kuuza nyama ya porini ilitokana na msiba huo.

Lazima niseme pia kwamba haki hii ya mkazi imejengwa juu ya ardhi ya watu wengine. Wasalish, wenyeji wa bonde la Bitterroot, walitia saini mkataba mwaka 1855 uliowaachia haki ya kuvua na kuwinda katika maeneo yao ya desturi, kisha mwaka 1891 kundi la mwisho chini ya chifu Charlo likaondolewa bondeni na kupelekwa kaskazini kwenye eneo lililotengwa. Mimi Mchagga siwezi kuisoma habari hiyo bila kuufikiria mlima wetu. Baridi ni kali, upweke upo, na bei ya nyumba Missoula imepanda hadi watu wa kawaida wanahangaika. Hayo yanajulikana na sina haja ya kuyarefusha.

Sasa nirudi nyumbani. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyama wote ni mali ya umma, na kwamba wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa maandishi, msingi wetu na wa Montana ni uleule. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waufurahie urithi huu. Sisi ndio tunaokaribia kuwa wajukuu hao. Tukiwa Moshi au Arusha, urithi wenyewe tunaufurahia kwa njia gani? Tunaweza kuingia hifadhini kwa kiingilio cha Mtanzania, ambacho kwa haki kimewekwa chini sana kuliko cha mgeni, tukatazama wanyama kwa dirisha la gari, kama gari lipo. Tunaweza kupata ajira ya kubeba mizigo ya wapanda mlima, au ya kuwaongoza. Kampuni za uwindaji wa kitalii zina ofisi zake Arusha, na mgeni huteremka uwanja wa ndege wa KIA, huenda kwenye kitalu cha uwindaji kwa safari ambayo kwa wanyama wakubwa huwa ya siku 21, kisha huondoka na pembe. Mwindaji mkazi anatambuliwa na sheria, lakini kwa gharama ya bunduki, gari na umbali, wanaoweza kuitumia nafasi hiyo ni wachache mno.

Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori, na niliipokea hatua hiyo kwa furaha, kwa maana angalau nyama ya nyumbu au pofu ikaweza kuliwa bila woga wa polisi. Hata hivyo bucha humfanya mwananchi kuwa mnunuzi tu. Halimfundishi majira ya mnyama, halimpi sababu ya kumkemea jangili, na halimwiti kwenye kikao pale mipaka ya pori inapopangwa upya.

Wapo watakaonijibu kwamba Montana ni kubwa, na wana haki. Jimbo lile lina watu milioni 1.1 hivi katika kilomita za mraba zipatazo 380,000, ilhali mkoa wa Kilimanjaro peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.8 katika kilomita za mraba zipatazo 13,000. Tukigawana leseni za kuwinda kwa mtindo wa Montana, mwaka mmoja hautaisha kabla ya kummaliza hata digidigi wa mwisho. Kwa hiyo sidai uwindaji kwa kila mtu. Katika pori, nadhani njia yetu ni ile ya jumuiya za hifadhi, kama Enduimet upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ambako vijiji vinasimamia ardhi kwa pamoja na kupata mgawo wa mapato, ilimradi mgawo huo ufike kwa wakati na wanakijiji waoneshwe hesabu.

Samaki ni jambo jingine, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 mahali ambapo maji ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana, lipo mwendo mfupi tu kusini mwa Moshi. Lina perege na kambale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilitoa samaki wengi kiasi kwamba wavuvi walihamia kutoka maziwa ya mbali, kisha mavuno yakashuka, makokoro na nyavu za matundu madogo zikaenea, na serikali imewahi kulazimika kulifunga bwawa ili samaki wazaliane. Kufunga ni dawa ya dharura. Wavuvi hukaa bila kipato, na bwawa likifunguliwa huvua kwa pupa kama watu wasiojua litafungwa lini tena. Wakazi wa mjini, ambao wangeweza kuwa sauti kubwa ya kulitetea, hawalijui bwawa isipokuwa kupitia sufuria.

Nimeona kwa macho yangu kinachotokea wakazi wanapoujua mto wao. Clark Fork ulibeba kwa miongo mingi sumu ya migodi ya shaba ya Butte na Anaconda, na tope lake likajikusanya nyuma ya bwawa la Milltown, nje kidogo ya Missoula, hata mwaka 1981 aseniki ikagunduliwa katika visima vya watu. Ilichukua miaka mingi ya kudai, lakini mwaka 2008 bwawa lile lilibomolewa na mto ukaachiwa upite, na miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele, pamoja na wenye visima, walikuwemo wavuvi wa mshipi. Ninapokuwa likizo na kuvuka mto Karanga au Rau, nikaona mifuko na taka zilizoganda kwenye kingo, najiuliza ni nani kati yetu mwenye sababu ya kila wiki ya kushuka pale chini na kukasirika.

Tena si kweli kwamba utaratibu wa namna hii ni wa kigeni kwetu. Mifongo ya Uchagga, yaani mifereji yetu ya maji, iliendeshwa kwa kanuni hiyohiyo karne nyingi kabla ya leseni yoyote: maji ni ya wote, kila nyumba ina zamu yake, siku ya kusafisha mfongo kila anayenufaika hutoka na jembe, na asiyetoka hutozwa faini au hunyimwa maji. Hata wakoloni, walipotenga ukanda uitwao Nusu Maili mwaka 1941 kwenye ukingo wa msitu, walikubali kwamba wanaoishi chini ya mlima wanahitaji kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Ukanda huo uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na msitu mzima mwaka 2005, na malalamiko ya akina mama wa vijiji vya mpakani hayajaisha hadi leo. Msitu ule ni chanzo cha maji yetu, nami natetea ulindwe, lakini msitu unaolindwa dhidi ya jirani zake utahitaji askari milele.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Halmashauri za Mwanga, Simanjiro na Moshi zikubaliane kutoa leseni ya mkazi ya kuvua kwa mshipi Nyumba ya Mungu, kwa bei isiyozidi kilo moja ya nyama, yenye idadi ya samaki kwa siku, kipimo cha urefu na miezi ya kupumzisha mazalia, na fedha yote iende kwenye mafuta ya boti za doria na kwa vikundi vya wavuvi vinavyolinda bwawa. Mgeni alipe mara kadhaa zaidi. Wenzangu wa ughaibuni wanaojenga Uru, Kibosho, Machame na Marangu, ambao tayari wanachangia barabara na zahanati za kwao, waliweke jambo hili mezani wanapokutana na madiwani. Na kwa kuwa mimi siishi tena Moshi, nikija likizo nitakuwa tayari kulipa bei ya mgeni.