Nilivyoibeba Bahari Hadi Entebbe

Uganda haina bahari. Iliyo karibu nasi iko Mombasa, na kutoka kwetu Busia, mpakani na Kenya, ni safari ya basi ya kulala njiani. Kwa hiyo nataka ieleweke mapema kwamba maji ya bahari niliyokunywa asubuhi ile kwenye barabara ya Entebbe niliyatengeneza mwenyewe, jikoni kwa shemeji yangu anayekaa Kitoro, mtaa wa Entebbe, kwa kijiko cha chai, nikiwa na akili zangu zote.

Nina miaka 62. Shughuli yenyewe ilikuwa triathloni ya nusu masafa: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, vyote mfululizo, na saa haisimami hata unapovaa soksi. Masafa kamili ni mara mbili ya hayo. Mwaka 2018 Mjapani Hiromu Inada aliyamaliza kule Hawaii akiwa na miaka 85, ndani ya muda wa mwisho wa saa 17. Niliposikia hivyo nikajiona mtoto. Tena mimi ni mtu wa baiskeli tangu zamani. Miaka ya 1980 nilivusha abiria Busia, boda kwa boda, enzi ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli nyeusi ya gia moja yenye kiti cha sponji nyuma, kabla pikipiki hazijatunyang'anya jina. Aliyewahi kumpakia mama, mtoto wake na gunia la mihogo kwa mkupuo mmoja, utamtisha kwa lami tupu?

Miguu haikuniletea shida. Shida ilianzia kwenye kijiko.

Mwili wa mzee una tabia moja mbaya: unachelewa kusikia kiu. Kijana akipungukiwa na maji koo humpigia kelele; sisi koo hunyamaza mpaka kichwa kianze kuuma. Ndiyo maana mwanariadha mwenye umri hanywi kwa kiu, hunywa kwa saa. Nilitega saa yangu ya mkononi ilie kila baada ya dakika 15, na kila ikilia nipige mafunda manne, kama mililita 100. Kingine ni chumvi. Lita moja ya jasho huondoka na nusu gramu ya sodiamu, wengine gramu nzima na zaidi, kwa hiyo ukirudisha maji matupu kwa wingi unaizimua damu yako mwenyewe. Kuna watu wameanguka kwenye mashindano kwa kunywa maji mengi mno, si machache.

Vinywaji vya unga vya wanamichezo ni ghali. Mke wangu, Mama Jamila, ni mkunga mstaafu. Kwa miaka mingi amefundisha akina mama dawa ya kuharisha ya nyumbani: lita moja ya maji safi, sukari na chumvi, kwa vijiko vya chai vilivyosawazishwa. Nimeisikia mara elfu. Kwa mbio haitoshi peke yake, kwa sababu sukari yake ni kama gramu 25 kwa lita na mwendesha baiskeli anahitaji gramu 60 hivi kila saa, lakini pengo hilo nilipanga kulijaza kwa tende na ndizi. Hesabu ilikaa sawa.

Usiku wa kuamkia mashindano umeme ukakatika. Mama Jamila alikuwa amelala. Nikasimama jikoni na tochi ya simu, chupa mbili za mililita 750 mezani, nikijua kwa yakini kwamba vipimo ni sita na nusu. Sita na nusu! Sasa sita ni ya nini, na nusu ni ya nini?

Mtu mwenye busara angemwamsha mkewe. Mimi nikatumia mantiki. Jasho, nikajiambia, lina chumvi. Nani amewahi kulamba mkono wake akakuta sukari? Kinachotoka ndicho kirudishwe. Basi chumvi ndiyo sita, na sukari ni nusu, ya kuondoa ukali tu. Kwa lita moja na nusu nikapiga hesabu: vijiko tisa vya chumvi, robo tatu ya kijiko cha sukari. Nikasawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu, maana mimi sipendi kubahatisha. Nikaonja tone moja. Uso ukajikunja wenyewe. Nikasema hii kweli ni dawa ya kitaalamu.

Vijiko tisa vya chumvi laini ni kama gramu 54. Gawanya kwa lita moja na nusu upate gramu 36 kwa lita. Bahari ina kama 35. Nilikuwa nimeizidi kidogo.

Kabla hatujafika barabarani, niseme neno kuhusu nguo, kwa sababu ina sehemu yake katika aibu hii. Vazi la triathloni ni kipande kimoja, linabana mwili mzima, unaogelea nalo, unaendesha nalo, unakimbia nalo. Langu nilinunua mitumba ya soko la Owino, Kampala, kwa bei ya sahani mbili za matoke na nyama. Kifuani na makalioni limeandikwa MÜLLER kwa herufi nyeupe. Nilidhani ni kampuni. Kumbe wanariadha huandikwa majina yao. Tena zipu ilikuwa mgongoni. Vazi la masafa marefu hutakiwa zipu mbele, ili ulifungue njiani kwa haja yoyote. La zipu ya nyuma ni la mbio fupi za vijana ambao wanamaliza kabla tumbo halijakumbuka kitu. Lilipokuwa jipya lazima lilikuwa na kamba ndefu ya kuvutia zipu. Kamba hiyo ilibaki kwa Müller. Na bega langu la kulia, tangu nilipotimiza miaka 55, halifiki nyuma zaidi ya mfuko wa suruali.

Tulianza saa moja asubuhi. Ziwa Victoria lina joto la kutosha, hakuna aliyevaa vazi la mpira. Niliogelea salama kwa dakika 54, nikapotea mara moja tu nilipolifuata boya la rangi ya chungwa lililogeuka kuwa koti la mvuvi. Maji ya ziwa niliyameza kiasi chake. (Wanaoogelea ziwani wasisahau kichocho: jifute haraka ukitoka, kisha baada ya wiki sita au nane nenda ukapimwe na unywe praziquantel kwa kipimo cha uzito wako. Ukiinywa kesho yake haifai kitu, dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, vichanga huwaacha.)

Saa mbili kamili nikawa juu ya baiskeli. Upepo mzuri, jua bado la upole, watu kando ya barabara wanapiga kelele: "Mula! Mula!" Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Mula. Sikumwona.

Saa ikalia. Nikapiga mafunda manne. Mdomo ukakauka kama uliofutwa kwa majivu, lakini nikasema ni pumzi. Saa ikalia tena. Mafunda manne. Safari hii ulimi ulishikana na kaakaa. Nikajisifu: tazama ninavyopoteza maji, afadhali nilijiandaa! Ya tatu ilitaka kurudi ilikotoka, nikaizuia kwa nidhamu. Vijana wengi hushindwa hapo, kwa kukosa nidhamu. Baada ya ya nne, yaani saa moja na mililita 400, tumboni kukasikika sauti kama ya mtu anayeburuta meza.

Nieleze kinachotokea, maana nilikuwa na muda wa kukifikiri. Damu yetu ina chumvi ya kadiri ya gramu 9 kwa lita. Dripu ya kawaida ya hospitali hutengenezwa kwa kipimo hichohicho. Ukishusha tumboni kitu chenye chumvi mara nne ya hapo, utumbo hauwezi kukinywa. Chenyewe ndicho kinaunywa utumbo: maji yanavutwa kutoka mwilini kuja kukizimua, tumbo linajaa, na kilichojaa hutafuta mlango. Kwa ufupi, kwa kinywaji cha wanaoharisha nilijiharisha.

Nilikuwa Abayita Ababiri. Kwa Kiganda jina hilo ni wapita njia wawili. Siku ile mmoja wao hakuweza kupita. Nikaona nyuma ya duka choo cha shimo cha mabati. Nikashuka, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikapeleka mkono mgongoni. Bega likagoma. Nikajaribu wa kushoto. Nao ukagoma. Vijana wa bodaboda kwenye steji wakawa wananitazama ninavyojizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake.

"Mwanangu," nikamwambia aliyekuwa karibu, "nifungulie zipu, haraka."

Kijana ana heshima, akaja mkono mbele. Hapohapo pikipiki ya mwamuzi ikasimama.

"Mzee, asikuguse! Ukipokea msaada wa mtu wa nje, umeondolewa!"

Ni kweli, kanuni ndivyo ilivyo. Mwanariadha hujitegemea, hata mkeo hakupi chupa. Anayeruhusiwa kukusaidia ni mwamuzi au mhudumu wa mashindano.

"Basi niguse wewe!"

Mwamuzi akasita. Hakuwa na zaidi ya miaka 25. "Mzee, mimi nasaidia pale penye suala la usalama."

"Mwanangu, hapa usalama ni wetu sote."

Akashuka pikipiki akanifungulia.

Helmeti sikuivua. Kanuni zinataka kamba iwe imefungwa wakati wote uko kwenye baiskeli, na katika hali ile sikuwa na akili ya kupambanua wapi mashindano yanakoma na choo kinaanzia. Vyema sikuivua, maana mlango ulikuwa mfupi na niliupiga kichwa mpaka bati likalia kijiji kizima. Viatu navyo ni vile vya kubana pedali, vyenye kipande cha plastiki ngumu chini ya unyayo. Kwenye zege lililolowa nilisimama kama mbuzi juu ya vigae, mkono mmoja kwenye msumari wa ukutani. Siku hizi nimehamia viatu ambavyo chuma chake kimezama ndani ya soli. Ni vizito kidogo, lakini unaweza kuchuchumaa navyo kama binadamu.

Nikiwa katikati ya shughuli, saa ikalia. Pii, pii. Muda wa kunywa.

Nilipotoka mwamuzi alikuwa bado hapo, ameupa mlango mgongo kwa adabu. Akanifunga zipu, akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Endelea, mzee Müller."

Lawama zote nikazitupia maji ya ziwa. Chupa zangu sikuzishuku hata kidogo; niliziacha tu kwa muda, nikasema nitazirudia nikipata nafuu. Kila kituo nikachukua maji matupu, funda kwa funda, na nusu ya ndizi. Hilo ndilo lililoniokoa, na nililifanya kwa bahati tu. Nilisimama vichakani mara mbili zaidi, lakini zipu sikuifunga tena. Kilomita 60 za mwisho Müller aliendesha mgongo wazi.

Saa sita na dakika 20 nikaingia eneo la kubadilisha, unapoacha baiskeli uanze kukimbia. Mama Jamila alikuwa nyuma ya kamba na kanga yake kichwani, haruhusiwi kuvuka, akanitazama mara moja tu kwa jicho la kazi.

"Baba Jamila, mbona midomo imepasuka? Hukunywa?"

"Nilikunywa kwa saa!"

"Ulichanganya vipi?"

"Sita na nusu, kama unavyofundisha!"

"Sita nini?"

"Chumvi!"

Akanyamaza. Kisha akapaza sauti ile ya wodini: "Chumvi NUSU! Sukari SITA!" Mama mmoja muuza gonja, ndizi za kuchoma, akaitikia, "Sukari sita!" Wa pembeni yake naye, mwenye mtoto mgongoni: "Chumvi nusu!" Mara upande mzima wa kamba, akina mama wa rika zote waliowahi kupitia kliniki, wananiimbia vipimo huku nikihangaika na kamba za raba. Hata mhudumu aliyekuwa akihesabu baiskeli alijua.

"Ukiona kizunguzungu au kichwa kikakugonga, unasimama!" mke wangu akanifuata kando ya kamba. "Maji matupu, kidogo kidogo. Sitaki mjane miye."

"Mjane ni wewe, si mimi!"

"Ndiyo ninachosema!"

Mbio zenyewe hazina mengi. Saa saba mchana Entebbe si mahali pa kukimbilia. Nilikimbia dakika nne, nikatembea moja, nikala tikiti maji kila kituo, nikamwagiwa ndoo mbili kichwani, nikasukuma koo kwa soda iliyotolewa gesi. Watoto walikimbia nami mita chache wakiimba, "Jajja Mula! Jajja Mula!", yaani babu Mula. Nilikuwa nimeshazoea, nikawapungia mkono kama Mjerumani.

Nilifika saa tisa na dakika 21: saa nane na dakika 21 tangu kuanza, na mlango unafungwa zikitimia saa nane na nusu tangu kuanza. Kundi la miaka 60 hadi 64 nilikuwa wa kwanza. Na wa mwisho, maana nilikuwa peke yangu. Kwenye picha ya medali nimesimama kwa upande, sababu ya zipu.

Chupa ya pili nilirudi nayo imejaa, sikuwa nimeigusa. Mama Jamila alinizuia mkono nilipotaka kuimwaga. Jioni shemeji alileta sangara kutoka mwaloni, na mke wangu akamloweka humo nusu saa kabla ya kumkaanga. Alikolea vizuri sana.