Msiwapangie tarehe ya kurudi

Jumapili kikao cha ukoo kule Kibosho kilimalizika vizuri kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mdogo wangu, mume wake na watoto wao wawili wanaondoka Tanga mwishoni mwa Septemba hii kwa boti yao ya matanga: Mafia, Mtwara, Komoro, Nosy Be kule Madagaska, kisha Afrika Kusini hadi Cape Town. Tulibishana miezi miwili. Jumapili wazee wakakubali, wakasali, wakawabariki. Halafu baba mkubwa akatoa bahasha. Ukoo umechanga nauli, wote wanne wapande ndege Cape Town tarehe 18 Desemba, Krismasi wawe nyumbani. Tiketi zikatwe sasa hivi, maana Desemba bei inapanda. Mbuzi wao keshatengwa.

Watu wakapiga makofi, mdogo wangu akalia kwa furaha. Nikaomba kusema, nikaambiwa chakula kinapoa. Basi nasemea hapa.

Shikamoo baba mkubwa, najua wajukuu watakusomea. Ile bahasha imetoka moyoni, na mimi nimechangia. Lakini katika vyote tutakavyowapakilia kwenye ile boti, hakuna cha hatari kuliko tiketi yenye tarehe.

Shemeji ni mtu wa Tanga, kakulia kwenye majahazi. Julai nilishuka kutoka Moshi kwenda kuwatazama, nikalala botini siku mbili. Ana daftari la jalada jeusi alilopangia safari. Nililipekua lote nikitafuta tarehe, sikuona hata moja. Kila bandari ina ukurasa wake, na juu ya ukurasa kaandika upepo. Mtwara: "tanga mbili, kusi ikishalegea," yaani majira ya kati ya kusi na kaskazi. Durban: "kusini-magharibi ikishakatika, si kabla." Hayo maneno mawili ya mwisho kayapigia mstari mara mbili, kalamu karibu itoboe karatasi.

Nikamuuliza kuna nini Durban, akanichorea. Pwani ile ina mkondo wa Agulhas, unateremka kuelekea kusini-magharibi kwa nguvu. Upepo ukivuma kutoka huko huko kusini-magharibi, unakutana na maji uso kwa uso, na mawimbi yanasimama kama ukuta. Mwaka 1909 meli ya abiria iitwayo Waratah iliondoka Durban kwenda Cape Town ikiwa na watu 211. Mpaka leo haijapatikana. Kutoka Durban hadi East London ni zaidi ya maili 250 za baharini, na katikati hakuna bandari ya kukimbilia. Boti kama yao inahitaji karibu siku mbili kuzimaliza. Kwa hiyo unakaa Durban unatazama hewa. Wiki ikipita imepita, na ya pili ikipita ni hivyo hivyo.

Sasa mweke shemeji pale Durban tarehe 8 Desemba. Anazo tiketi za watu wanne, pesa za ukoo mzima, na mbuzi anamsubiri Kibosho. Utabiri unasema upepo utageuka kesho kutwa jioni. Huenda akawahi, huenda asiwahi. Asiye na tiketi atakaa bandarini. Mwenye tiketi ataanza kupiga hesabu.

Hesabu hizo ukoo wetu tunazijua. Binamu yangu tulimzika tarehe 27 Desemba. Alimwahidi mama yake kwamba mkesha wa Krismasi atakuwa mezani. Kazini wakamchelewesha, akatoka Dar saa nne usiku badala ya kulala na kuanza safari asubuhi. Mama mdogo alikuwa akimpigia simu kila baada ya saa moja: umefika wapi? Segera. Umefika wapi? Mombo. Baada ya Same hakupokea tena. Hakuwa mlevi, gari halikuwa bovu. Alikuwa amechoka na amekwisha kutuahidi. Kila Desemba barabara ile inajaa watu waliotuahidi, na sisi ndio tunaowapigia simu kuwauliza wamefika wapi.

Marehemu baba aliongoza wageni mlimani tangu kabla sijazaliwa. Aliwahi kumrudisha mgeni pale Barafu, kambi ya mwisho Kilimanjaro, usiku wa kupanda kileleni, akikohoa kikohozi chenye maji kifuani. Mgeni akasema ndege yake ni kesho kutwa, hana siku nyingine. Baba akamvua begi, akalivaa mwenyewe, akasema, "Huyu anashuka." Wapo wazee wa kikao kile waliobeba mizigo naye, wanaikumbuka siku hiyo. Mlimani wanaielewa, nawaomba waielewe baharini.

Nakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba bahari nayo ina tarehe zake. Msimu wa vimbunga kule kusini unaanza kama Novemba. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, jirani kabisa na njia yao. Hawawezi kuzubaa Komoro wapendavyo. Lakini hapo shemeji kashasema: wakichelewa kuvuka, wanabaki Mtwara mpaka mwaka mwingine. Atasemaje hivyo akiwa na tiketi zetu?

Wanaouliza shule, mdogo wangu ni mwalimu, na vitabu vimeshapangwa kwenye makasha. Wanaoogopa vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ndiyo maana wanapitia Komoro, mbali na pwani ile. Na wanaodhani watoto wanatupwa tu baharini wangemwona binti yao wa miaka 11, jua likizama, akimfunga mdogo wake mkanda wa usalama, akivuta kamba mara tatu kujaribu ndoano, ndipo anamruhusu atoke nje.

Ombi langu ni hili. Bahasha ikae kwa baba mkubwa, tiketi isikatwe. Siku watakapofunga kamba bandarini Cape Town watatupigia, nasi tutakata ya siku hiyo kwa bei itakayokuwepo. Ikizidi tulichochanga, nitaongeza mimi. Wakiwa baharini, tusiwaulize wanafika lini. Tuwaulize upepo ukoje na watoto wamekula nini.

Nimeshaongea na mama kuhusu mbuzi. Amesema ataendelea kumkatia majani hata ikiwa Machi.