Mbwa akifunzwa kunyamaza, nani atalinda lango?

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, mitaa ya pembezoni kama Kiamunyi na Lanet ilikuwa tayari inajaa. Shamba limekatwa ploti, na boma la familia sasa linapakana na ghorofa la wapangaji. Mbwa aliyekuwa akilinda mahindi anabweka chini ya dirisha la muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Jirani anataka mbwa afunzwe kunyamaza. Mwenye mbwa anauliza, asiyebweka ana faida gani?

Hoja ya mwenye mbwa si ya kupuuzwa. Anayeishi mwisho wa barabara isiyo na taa, asiyemudu mlinzi, mbwa ndiye kengele yake. Tena ana hofu ya msingi: mafunzo hutumia chakula, na wezi wanajua kurusha nyama juu ya ukuta. Aliyezoea kwamba akinyamaza atalishwa, si atamnyamazia mwizi pia?

Lakini kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mbwa anayebwekea kila bodaboda na kila paka juu ya mabati humzoesha bwana wake kutoamka. Siku mtu anapopanda ukuta saa nane usiku, mwenye nyumba anageuka upande wa pili na kuendelea kulala. Aliye macho ni jirani, na kwa hasira aliyo nayo hatatoka kuangalia. Kwa hiyo naona mafunzo yanaujenga ulinzi, mradi lengo liwe mbwa anayejua kuacha, si mbwa bubu.

Mtazame aliyefungwa mnyororo langoni mchana kutwa. Pikipiki inakuja, anabweka, inapita. Kwake yeye, ameifukuza. Kesho atabweka zaidi, maana kila siku anashinda. Ukimkemea kwa makelele, huenda akaona umekuja kumsaidia. Afadhali uzibe sehemu ya chini ya lango asione barabara, umfungue, umtembeze jioni.

Kisha mfunze. Mwache abweke mara mbili tatu, mwendee, angalia kinachomsumbua, useme "basi" kwa sauti ya chini huku umemwekea puani ngumi yenye omena. Atataka kunusa, na akinusa ataacha kubweka. Sekunde hiyo ya kimya ndiyo unayoilipa, papo hapo. Ukichelewa, umelipa kitu kingine. Kadiri anavyoelewa, refusha kimya kabla ya kumpa. Wote nyumbani watumie neno lilelile, yaya na watoto pia.

Na nyama ya mwizi? Chakula kitoke mkononi mwa watu wa nyumbani au kwenye bakuli lake, kisirushwe chini kamwe. Si kinga kamili, lakini mwenye njaa asiyefunzwa chochote hana kinga yoyote.

Kola za umeme nazikataa kabisa. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Mbwa akipigwa shoti kila mtoto anapopita, anaweza kuamini kwamba mtoto ndiye anayemuumiza, na hapo ndipo kung'ata huanza. Sumu nayo ni ukatili, hata jirani awe amechoka kiasi gani.

Jirani ana sheria upande wake: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 kwa makazi usiku, na mbwa huzipita kwa mlio mmoja. Hata hivyo, kabla ya kushtaki, ana kitu ambacho mwenye mbwa hana. Mwenye mbwa anashinda kazini. Jirani ndiye anayesikia kwamba kelele huanza saa tano asubuhi, nyumba ikibaki tupu. Akimpa habari hiyo kwa siku na saa, itajulikana kama mbwa anabwekea barabara au analilia watu wake. Wa barabara huzibiwa lango. Wa upweke hazibiwi kitu: anahitaji matembezi kabla ya watu kuondoka, kitu cha kutafuna, na mtu wa kupita kumwona mchana.