Ziwa Si SACCOS: Nani Ana Haki ya Kushtaki?

Mtu wa Ujiji asiyevua wala kuanika dagaa akisema anataka kuishtaki kampuni inayomwaga uchafu Ziwa Tanganyika, ataulizwa kwanza: wewe limekupata nini? Swali si baya. Katika kesi za madai, anayedai ni aliyevunjiwa haki yake. Asiye mwanachama wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, hawezi kuiburuza mahakamani kwa kuwa tu hapendi inavyokopesha, na sioni kwa nini aruhusiwe.

Ziwa si SACCOS. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inamruhusu kumshtaki anayeyahatarisha. Ibara ya 26(2) ya Katiba nayo inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda Katiba na sheria. Kwa ibara hiyo, mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpokea mwanasiasa Mchungaji Mtikila na kesi yake ya maslahi ya umma, yaani ya kutetea haki ya wote. Mwaka 2020 Bunge likabana: mleta shauri la haki za kikatiba aeleze kwa kiapo alivyoathirika yeye binafsi. Sharti hilo nalo likapingwa mahakamani.

Wanaotaka mlango ubanwe wanasema wapenda kesi watafurika. Hilo halinitishi, gharama za kesi zinatosha kumpoza mwenye kiherehere. (Miaka mingi watu wa Kigoma waliifuata Mahakama Kuu hadi Tabora.) Linalonitisha ni jingine. Hukumu ya kesi ya haki ya umma yaweza kuwafunga na wengine wenye madai yaleyale. Msomi wa mjini akija na ushahidi mwepesi, bila hata sampuli ya maji iliyopimwa maabara, akashindwa, mvuvi ambaye nyavu zake ndizo zinazotoka tupu atakuta njia imeshazibwa.

Lakini mvuvi huyo angeshtaki lini? Usiku yuko ziwani, mchana amelala. Labda wakati wa mbalamwezi, taa za kuvulia dagaa zikiwa zimezimwa. Na huenda mwanawe ni kibarua wa kampuni hiyohiyo.

Kwa hiyo asiyeathirika apokelewe, ila aulizwe: walioathirika wanajua uko hapa? Kesi ya uwakilishi, mmoja anaposhtaki kwa niaba ya wengi, tayari hudai kibali cha mahakama na taarifa kwa wahusika. Taarifa hiyo ibandikwe mwaloni Kibirizi, Kigoma, wanakoshukia wavuvi, kwa Kiswahili, isiishie gazetini.