Mtoto wa punda akitolewa kwa mama, anabaki na nani?

Huku Kapchorwa na Bukwo, kwenye mlima Elgon mashariki mwa Uganda, punda ndio anashusha kahawa na mahindi kutoka juu kule ambako mvua ikinyesha hata bodaboda inakataa. Na ushauri unaozunguka siku hizi kwa wafugaji ni mmoja tu, mtoto akifika miezi sita mtoe kwa mama, mfungie au muuze, mama arudi kazini. Yule anayemwacha anyonye mpaka mama mwenyewe amkatae anaonekana mtu wa zamani, hajui biashara. Mimi naona hao wa zamani tunawaonea, ila wa miezi sita nao wana hoja zao.

Punda jike anabeba mimba kama mwaka mzima, wengine wanapitisha, na akishazaa joto la kutaka dume linarudi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo unaweza kumkuta ananyonyesha mmoja, ana mwingine tumboni, na mgongoni kuna gunia. Kiangazi kikikaza unazihesabu mbavu. Maziwa yenyewe yanapanda mpaka mwezi wa 2 au wa 3 hivi alafu yanashuka, mtoto wa miezi sita anaishi kwa majani zaidi kuliko ziwa. Na kuna barabara. Tangu hii ya Kapchorwa kwenda Suam iwekwe lami magari yanakimbia kweli, na mtoto anayemfuata mama sokoni anavuka tu, yeye anaangalia mkia wa mama yake. Mwenye punda akiniambia bora dogo abaki nyumbani, simbishii.

Shida ni vile tunavyofanya. Asubuhi moja mama anapelekwa kazini, mtoto anafungwa kamba bandani peke yake, imeisha. Analia mpaka sauti inakwaruza, anazunguka na ile kamba mpaka shingo inachubuka, unamwekea pumba ananusa anaacha. Mama naye huko njiani anasimama kila kona, anageuza shingo kurudi alikotoka, ziwa limejaa linadondosha, na mtu anamchapa eti punda ni mkaidi. Watu wengi hawajui kwamba kwa punda hii sio huzuni ya kupita tu. Punda akiacha kula siku kadhaa mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, yanajaa kwenye damu, ini linazidiwa, na akifika hapo hata daktari wa mifugo akija anaweza kukuta ameshachelewa. Na aliye hatarini zaidi ni jike mwenye mimba au anayenyonyesha, yaani huyo huyo mama tuliyesema tunamtafutia nafuu.

Kuna utafiti mmoja wa Uingereza ambao kila nikiufikiria sipati raha. Waliwafuata farasi wadogo 225 kwa miaka minne, wakatoa matokeo mwaka 2002. Asilimia 10.5 ya hao walianza ile tabia ya kung'ata mbao na kuvuta hewa, tabia ambayo ikishaingia ni ngumu sana kuitoa, na umri wa katikati wa kuianza ulikuwa wiki 20. Wiki 20 ni kama miezi minne na nusu, watoto wadogo kabisa, na wale waliopewa chakula cha nafaka baada ya kuachishwa kunyonya walianza kwa kasi mara 4 zaidi ya wengine. Waliotenganishwa na mama kwa kufungiwa ndani pia walitoka vibaya kuliko waliotenganishwa wakiwa malishoni. Najua mtu atasema hao ni farasi wa mbio wa wazungu, sio punda wa Sebei, eneo letu hili, na ni kweli, siwezi kuchukua hiyo 10.5 nikaibandika huku. Lakini angalia kilichowapata: kufungiwa ndani, tumbo kubadilishiwa chakula ghafla, na mama hayupo. Si ndio tunavyofanya sisi bandani, tena vyote siku moja? Na kuacha kufanya hivyo hakuhitaji hela. Malisho tunayo, kumfungia ndio kunaongeza kazi, maana inabidi umkatie majani na umbebee maji.

Watafiti wa Ufaransa nao waliwaacha farasi wakae na watoto wao bila kuwaingilia. Mama wenyewe waliwaachisha kwenye miezi 9 au 10, kabla ya kuzaa mwingine, bila fujo, na baada ya maziwa kuisha mtoto aliendelea kutembea karibu na mama. Utafiti mwingine wa huko huko uliweka farasi wakubwa wawili wasio ndugu katikati ya watoto waliotengwa, na wale watoto wakatulia kuliko walioachwa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo umri unaobishaniwa sana, miezi sita au tisa, kwangu unakuja nyuma. La kwanza ni anabaki na nani.

Ukitaka kuona hili kaa malishoni asubuhi. Dogo anamkaribia punda mkubwa asiyemjua, shingo ameishusha, anafungua na kufunga mdomo meno yakigongana, ndio anaomba asipigwe. Mkubwa anaendelea kula kama hajamwona. Wakishazoeana utawakuta wanakunana mabega kwa meno, na wakifika hapo kuwatenganisha ni kazi, punda wanashikana sana wawili wawili. Sasa urafiki huo unatakiwa uanze mama akiwepo bado. Kwenye mwezi wa nne au wa tano muunganishe na punda mzee wako au wa jirani, mama akienda safari fupi ya kisimani dogo anabaki na huyo mzee, baadaye nusu siku, baadaye siku nzima ya soko. Gunia linabebwa, lori halimgongi mtu, na mama akirudi jioni anamnyonyesha kidogo mpaka maziwa yakauke taratibu.

Ambapo sikubaliani na wa zamani ni kwa madume. Dume akikaribia mwaka anaanza kupanda, hachagui mama wala dada, ukimwacha tu kwa huruma utapata mimba usiyoitaka. Huyo ahasiwe na daktari, kwa ganzi, sio wembe wa jirani, na akishapona anaweza kurudi kundini na kuwa ndiye anayekaa na watoto wanaokuja. Madaktari huku mlimani ni wachache, najua, ndio maana majirani mnaweza kukusanya madume yenu mkamwita mara moja.

Na mnunuzi akija, kabla hamjaenda kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, kuandikiana barua, muulize kama nyumbani ana punda mwingine. Kama hana mwambie achukue wawili waliokua pamoja, na kama hela haitoshi arudi kahawa ikishauzwa.